Usimlaumu mtoto kwa meno ya kahawia, uliza maji yametoka wapi

HUENDA umewahi kumwona mtoto anayefunika mdomo kwa kiganja kila anapocheka. Meno yake ya mbele yana madoa ya kahawia na unaamua papo hapo kwamba hapigi mswaki. Mara nyingi utakuwa umemwonea bure.

Madoa hayo hutokana na madini ya floridi yaliyozidi mwilini wakati meno ya utu uzima yangali yanaundwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 8 hivi. Jino huota likiwa tayari na dosari. Mkaa, mchanga au ndimu ambazo baadhi ya wazazi huwasugulia watoto hazisaidii, bali humaliza gamba la jino.

Wakazi wa Nakuru, Naivasha na Gilgil wamelijua tatizo hili tangu zamani, kwani maji ya chini ya ardhi katika Bonde la Ufa hupitia miamba ya volkano yenye madini hayo. Wewe wa Nairobi hudhani halikuhusu. Lakini mifereji inapokauka unanunua maji ya lori au ya mkokoteni, ambayo aghalabu ni ya kisima kirefu, na visima kadhaa vya jiji hili vina floridi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Huwezi kuiona floridi kwa macho. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yanayobaki huwa na floridi nyingi zaidi.

Kuna wazazi ambao wakisikia haya hutupa dawa ya meno yenye floridi. Hapo wanakosea. Ikipakwa kwenye jino, floridi huimarisha gamba na kuzuia meno kuoza, na watoto wetu wa mijini, kwa peremende na soda wanazopewa, wanaihitaji sana. Ubaya ni kuimeza. Mtoto wa chini ya miaka 3 mpakie kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, punje ya minji. Ule mstari mrefu wa kwenye matangazo ni wa kuuzia dawa. Simama naye hadi ateme, na ile yenye ladha ya matunda iweke mbali, maana watoto huilamba kama asali.

Kwa maoni yangu, kila anayeuza maji ya kisima angelazimishwa kumwonyesha mnunuzi cheti cha maabara chenye kipimo cha floridi. Tunauliza bei ya mtungi, basi.

Kabla hayo hayajafanyika, mwulize mwenye nyumba au mwuzaji. Asipokuwa na jibu, kinga maji ya mvua, yachemshe kuua viini, kisha uyatumie kwa maziwa ya unga, uji na maji ya kunywa ya watoto wadogo. Ya kisima yatatosha kufulia na kuogea. Punguza pia magadi kwenye githeri, kwani nayo yana floridi.

Na yule anayefunika mdomo mpeleke kwa daktari wa meno. Madoa mepesi hupunguzwa, mazito hufunikwa.