Hita ya Maji Inapobadilishwa: Tone Lisizibwe

Katika miji ya Uganda yenye baridi ya asubuhi, kama vile Kabale na Fort Portal, na hata Kampala wakati wa mvua, hita ya maji haihesabiwi tena kuwa anasa. Imekuwa chombo cha nyumbani kama jiko na pasi. Mtoto huogeshwa kabla ya kwenda shule, mzee hupunguziwa maumivu ya viungo, na mama aliyejifungua hupata maji ya moto bila kuwasha mkaa. Lakini kila chombo kina umri wake. Baada ya miaka kadhaa tangi huliwa na kutu, waya wa joto hukatika, na mwenye nyumba hulazimika kununua hita nyingine. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa wengi hudhani kubadilisha hita ni kama kubadilisha sufuria: ya zamani itoke, mpya iingie, na kazi iishe kabla ya chakula cha mchana.

Hita si sufuria. Sufuria ina mdomo. Maji yakizidi moto, mfuniko hucheza na mvuke hutoka. Tangi la hita limefungwa pande zote. Maji nayo, kama vitu vingi, hutanuka yapatapo joto. Lita 100 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za Selsiasi huongezeka kwa takriban lita moja na nusu. Lita moja na nusu si kitu katika ndoo, lakini ndani ya chuma kilichofungwa haina pa kwenda, maana maji hayashindiliki kama hewa. Kwa sababu hiyo kila tangi la namna hii hufungwa valvu ya usalama mahali maji baridi yanapoingilia. Ndani ya valvu hiyo mna kizuizi kinachoyakataza maji ya moto kurudi nyuma, na mna springi inayofunguka msukumo ukizidi kipimo. Ndiyo maana hita nzima, iliyofungwa vizuri, hudondosha matone kila inapopasha maji.

Matone hayo ndiyo chanzo cha kosa linalorudiwa katika nyumba nyingi. Mama wa nyumbani huona sakafu imelowa, humwita fundi, na fundi asiye na mafunzo hutoa jawabu la haraka: "Mama, valvu yako inavuja. Nitakuzibia kwa plagi, hutaona tone tena." Mama hushukuru, akikumbuka walivyosema wahenga kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hekima hiyo ni ya kweli, ila hapa imewekwa mahali pasipo pake. Tone la valvu si ufa. Ni mlango ulioachwa kwa makusudi, na mlango huo ukizibwa, ukuta wenyewe unaweza kuanguka.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba haliadhibu siku hiyo hiyo. Thamostati huendelea kuzima umeme maji yafikapo joto lililopangwa, na wiki hupita kwa usalama hata mwenye nyumba akaamini kuwa fundi alijua kazi yake. Lakini thamostati nayo ni kifaa. Iko siku itakwama. Ikikwama, na kikata joto cha akiba kikawa kibovu au kimeondolewa, maji huendelea kupashwa bila kikomo. Maji yaliyobanwa hayachemki kwa nyuzi 100. Hupita hapo yakabaki maji. Siku chuma kinapopasuka, msukumo hushuka ghafla na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Hapo mwenye nyumba haitaji maelezo zaidi ili afahamu kwa nini tangi la hita huweza kuvunja ukuta na kupasua dari.

Wapo wanaojitetea kwamba maji yao hutoka katika tangi lililo juu ya paa, wala hayana nguvu, hivyo valvu haina kazi. Ni kweli kwamba tangi lililoinuliwa mita 5 hutoa msukumo mdogo mno. Lakini msukumo unaopasua hita hautoki juu ya paa. Huzaliwa na joto ndani ya hita yenyewe.

Kwa hiyo hita mpya hufungwa pamoja na valvu mpya, wala ile ya zamani hairudishwi ukutani ili kuokoa fedha kidogo. Valvu huwa na tarakimu iliyochorwa inayoonyesha msukumo itakaofungukia. Kwa matangi madogo ya nyumbani aghalabu ni megapaskali 0.7 au 0.8, na haifai kuzidi kiwango kilichoandikwa kwenye kibati cha hita. Kati ya valvu na tangi pasiwepo koki yoyote. Mdomo wake uelekee chini na uungwe kibomba cha kupeleka matone kwenye mfereji au ndoo, na ncha ya kibomba hicho iachwe wazi daima. Mara moja kwa mwezi kijiko cha valvu kiinuliwe kidogo ili ionekane kama maji yanatoka. Yasipotoka, valvu imeziba kwa chokaa au kutu, na aitwe fundi. Na kama valvu inabubujika mfululizo hata hita ikiwa imezimwa, huo ni ugonjwa mwingine. Nao dawa yake ni kubadilisha valvu au kupunguza msukumo wa maji yaingiayo. Kuziba si dawa.

Hatari ya pili ni umeme. Nyumba nyingi siku hizi huacha tangi na kufunga shawa ya umeme inayopasha maji yanapopita. Chombo hiki ni kidogo kwa umbo lakini kina njaa kubwa. Shawa ya wati 5,500, kwa umeme wa volti 240 unaotumika Uganda, huvuta karibu ampia 23. Huo ni umeme unaotosha taa 550 za wati 10 kila moja. Plagi ya kawaida ya ukutani mwisho wake ni ampia 13, na waya wa taa ni mwembamba zaidi. Fundi anayeiunga shawa kwenye waya wa taa ya bafuni amewasha moto ndani ya dari bila kiberiti. Shawa hutaka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi kuu, waya mnene kama mtengenezaji alivyoagiza, ambao aghalabu ni wa milimita mraba 6, pamoja na kikata umeme chake, ambacho mafundi hukiita sakiti breka.

Zaidi ya hayo, katika shawa nyingi za aina hii waya wa joto hukaa uchi ndani ya maji yale yale yanayomwagikia mwili. Kinachomlinda mwogaji ni waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano ambao mafundi huuita ethi. Fundi mvivu huukata na kuufunga kwa utepe akisema kwamba shawa itafanya kazi hata bila huo. Kufanya kazi itafanya. Kosa litaonekana siku ya hitilafu, na litaonekana juu ya mtu aliyelowa, asiye na viatu. Mkondo usiofika sehemu moja ya kumi ya ampia waweza kusimamisha moyo. Kwa hiyo inafaa pia kifungwe kile kikata umeme kinachohisi mkondo unaovuja, cha miliampia 30, ambacho hukata umeme kwa muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili. Swichi ya shawa nayo ikae mbali na mkono uliolowa.

Basi nani aruhusiwe kuifanya kazi hii? Hapa sheria imesema. Sheria ya Umeme ya Uganda ya mwaka 1999 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme (ERA), na kanuni za vibali vya ufungaji wa umeme zilifuata mwaka 2003. Kazi ya kufunga umeme katika nyumba ni ya mtu mwenye kibali cha Mamlaka hiyo, na vibali vimepangwa kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Kenya ina mpango wa namna hiyo chini ya EPRA, na Tanzania chini ya EWURA. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuona kibali kabla ya kutoa malipo ya kwanza: asome jina, daraja na tarehe ya mwisho, na akiwa na shaka aulize Mamlaka. Fundi mwenye kibali hakasiriki akiulizwa. Anayekasirika amekwisha jibu.

Kibali si karatasi ya kujaza kabati. Maana yake ni kwamba yupo mtu anayejulikana atakayewajibika kazi ikiharibika. Fundi wa njiani hupokea fedha na kupotea. Fundi mwenye kibali hupima waya wa ardhi, hujaribu vikata umeme, na huacha hati yenye jina lake. Hati hiyo yafaa itunzwe pamoja na risiti ya hita. Kama hita mpya ni kubwa kiasi cha kuhitaji kuongeza nguvu ya waya uingiao nyumbani, basi na shirika linalosambaza umeme liarifiwe. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, katika sehemu kubwa ya nchi, shirika hilo ni la serikali, UEDCL.

Ukali huu haukuzuliwa kwa ajili ya kuwasumbua wananchi wa Afrika ya Mashariki. Afrika Kusini ina kanuni yake ya kufunga matangi ya maji moto, SANS 10254, inayotaka valvu za usalama na sinia la kukingia maji chini ya tangi. Katika miji mingi ya Marekani mwenye nyumba huomba kibali katika ofisi ya majengo hata kwa kubadilisha tangi moja kwa jingine la kipimo kile kile, na mkaguzi huja kutazama kabla ya kazi kuhesabiwa kuwa imekwisha. Nchi hizo zilijifunza kwamba hita huharibika ikiwa imefichwa darini au nyuma ya mlango wa bafu, mahali ambapo familia haitazami.

Siku ya kazi yenyewe, yafaa mwenye nyumba awepo na atazame mambo yafuatayo. Kwanza, umeme uzimwe kwenye swichi kuu na fundi ahakikishe kwa kipimo kwamba waya hauna umeme. Pili, koki ya maji ifungwe na tangi la zamani limwagwe maji yote kabla ya kuguswa. Tatu, ukuta uchunguzwe: tangi la lita 100 likijaa hubeba kilo 100 za maji mbali na uzito wa chuma chake, na tofali lenye matundu halishiki misumari ya mzigo huo. Nne, tangi jipya lijazwe mpaka maji yatoke bombani bila hewa, ndipo umeme uwashwe. Waya wa joto ukiwashwa katika tangi tupu huungua. Tano, fundi asiondoke kabla ya kuonyesha valvu ikifunguka na kikata umeme kikijaribiwa kwa kitufe chake.

Baada ya hapo hubaki matunzo. Joto la tangi likiwa nyuzi 60 vijidudu vya maji havistawi, lakini maji ya kiwango hicho humwunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 tu, na mtoto kwa muda mfupi zaidi. Kwa hiyo maji baridi yatangulie kwenye beseni, ya moto yafuate, na mtoto asiachwe peke yake na bomba. Ndani ya tangi mna fimbo ya magnesi inayoliwa na kutu badala ya chuma. Ikikaguliwa kila mwaka au miwili na kubadilishwa iishapo, tangi litadumu. Nao wanaotumia hita ya gesi wakumbuke kuwa moto wake hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje isifungwe kamwe ndani ya bafu, kama ambavyo jiko la mkaa halilali chumbani na watu.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa hita ya maji usemi huo hauwezi kuwa udhuru, kwa kuwa kinga zake zinajulikana na zinauzwa madukani: valvu iliyo wazi, waya wa ardhi uliofungwa, na fundi mwenye kibali. Mwenye nyumba aliyezibiwa valvu na afanye jambo moja leo hii. Azime hita, asubiri maji yapoe, na amwite fundi anayestahili aje kuondoa plagi hiyo. Chini ya valvu na awekewe ndoo. Maji yatakayokusanyika humo yanatosha kunawia mikono.