Safari ya Lyon: kula wapi, saa ngapi, na kwa feza gani



Tangu vikundi vyetu vilipochagua mama wawili wa kwenda Lyon, swali linalorudi katika kila mkutano si la viza wala la baridi. Ni hili: kule Ufaransa watakula wapi? Swali lina haki yake. Feza ya chakula chao imetoka katika likelemba, dolari mbili mbili, kwa wauza mboga na washonaji. Mama wetu akilala njaa Lyon, ni haya kwetu sote. Akimaliza feza yote siku ya pili, tutasema nini mbele ya waliochanga? Na wale wenye watoto wanaosoma kule, wanaotazamia kwenda kuwaona siku moja, wasome pia.

Tuanze na saa, maana hapo ndipo wageni wengi wanapokwama. Kwetu malewa ya Kadutu inakupa bugali wakati wowote, mradi chungu kingali motoni. Kule jiko lina saa zake. Kwenye mlango mtaona imeandikwa 12h–14h, kisha 19h–22h. Kwa hesabu yetu ni saa sita mpaka saa nane mchana, halafu saa moja jioni mpaka saa nne usiku. Katikati, mpishi amekwenda kupumzika. Ukifika saa tisa na njaa yako, hata ukionyesha euro mkononi, resto nyingi zitakuambia jiko limefungwa. Zipo zinazoandika «service continu», maana yake zinapika bila kukata, lakini usizitegemee. Mkutano ukichelewa kutoka, mkate uwe ndani ya mfuko.

Na siku pia. Jumapili na Jumatatu resto nyingi zinafungwa, na masoko ya asubuhi ya Lyon, lile la Croix-Rousse na lile la Saint-Antoine kando ya mto Saône, yanafanya kazi Jumanne hadi Jumapili. Mama zetu watafika Jumapili jioni. Kwa hiyo chakula cha usiku ule kiamuliwe hapa Bukavu, si kule kwenye giza na masanduku mkononi: watakula wapi, au nani atawapokea na sufuria.

Sasa feza. Bei inabandikwa nje, kwa sheria, pamoja na orodha ya vyakula. Basi simama, soma, hesabu, ndipo uingie. Hakuna wa kukuvuta mkono, na ukisoma ukaondoka hakuna anayekasirika. Bei ile ina kodi na huduma ndani yake. Ukitaka kumwachia mhudumu kitu, ni moyo wako, si deni. Hapa mwalimu ndani yangu anaomba dakika moja: kule «menu» ni chakula kilichopangwa kwa bei moja, kwa mfano cha kwanza, cha pili na kitamu. Orodha yenyewe inaitwa «carte». Mama akiomba «menu» akidhani anaomba karatasi ya kusoma, anaweza kuletewa sahani tatu.

Mchana wa siku za kazi resto nyingi zina «plat du jour», au «formule» ya sahani mbili, kwa bei ndogo kuliko ya usiku. Jiko ni lile lile, mpishi ni yule yule. Kwa hiyo chakula kikubwa cha siku kiliwe mchana. Tuseme kila mama ana euro 40 kwa siku. Asubuhi mkate na kahawa, euro 5. Kahawa ikinywewa umesimama kwenye kaunta mara nyingi ni rahisi kuliko ukiketi nje. Mchana «formule» ya euro 18. Jioni mkate, jibini, matunda na nyanya za sokoni, euro 10. Zinabaki 7. Kwa siku 5 ni euro 35, na hizo nitasema za kazi gani.

Maji msinunue. Semeni «une carafe d'eau, s'il vous plaît», mtaletewa chupa ya maji ya bomba, safi, bila malipo, pamoja na mkate. Tangu mwaka 2022 sheria inataka resto iandike wazi kwamba maji hayo ni bure. Mhudumu akiuliza kama mnataka maji ya chupa, yale yana bei yake. Jibu ni lile lile, «carafe».

Zile euro 35 ni za kuingia mara moja katika «bouchon». Ndilo jina la resto ndogo za Lyon, za meza zilizobanana, zilizolisha wafuma hariri wa mji ule. Chakula chake ni cha watu wa kazi, yaani sehemu za mnyama ambazo tajiri hakuzitaka. «Tablier de sapeur» ni tumbo la ng'ombe lililopakwa unga wa mkate na kukaangwa, nami naona mama zetu watalipenda. «Quenelle de brochet» ni samaki wa maji baridi aliyesagwa na kuchanganywa na unga, mayai na siagi, laini kabisa. «Cervelle de canut» jina lake linatisha, ubongo wa mfuma hariri, kumbe ni jibini bichi yenye majani ya kunukia. Wale wasiokula nguruwe waangalie vizuri: «andouillette» mara nyingi ni matumbo ya nguruwe, na hata «salade lyonnaise», inayoonekana ni majani tu, ina vipande vyake. Mwenye mwili unaokataa karanga au mayai aulize. Resto inapaswa kuwa nayo kwa maandishi. Watafute alama ya «Les Bouchons Lyonnais» mlangoni, maana kila resto ya watalii imejipa jina hilo, na wapige simu siku mbili mbele kuweka meza.

Nataka waende kule kwa sababu nyingine pia. Jina la Lyon katika mapishi lilijengwa na wanawake, na watu wa mji wanawaita mpaka leo «les mères», akina mama. Eugénie Brazier alizaliwa mwaka 1895, mtoto wa wakulima, akafiwa na mama yake akiwa bado mdogo. Alipopata mimba bila ndoa, baba yake alimfukuza. Akaenda Lyon kufanya kazi katika nyumba za watu, akajifunza jikoni kwa mama mwingine, Mère Fillioux. Mwaka 1921 akafungua resto yake mwenyewe, rue Royale. Mwaka 1933 kitabu cha Michelin, kinachopima resto kwa nyota, kilimpa nyota 3 kwa resto ya mjini na nyota 3 kwa ile ya mlimani, Col de la Luère. Kabla yake hakuna mtu, mwanaume wala mwanamke, aliyekuwa na 6 kwa mara moja. Paul Bocuse, ambaye jina lake limebandikwa kwenye soko kubwa la Lyon, alipitia jikoni kwake. Resto ya rue Royale ipo, ila bei yake si ya likelemba. Wapite mbele, wasome kibao, wapige picha watuletee.

Kuhusu wazo la kuwafungia chakula: nyama na vitu vya maziwa haviingii Ulaya katika sanduku, hata vikiwa vikavu, hata kipande kidogo. Majani mabichi ya sombe yanadai cheti cha afya ya mimea. Ndizi na nanasi zinapita. Sambaza kavu zinapita pia, mradi samaki wote wa msafiri mmoja wasizidi kilo 20. Wakikumbuka bugali sana, watu wa huko wataelekeza mtaa wa Guillotière, wenye maduka ya vyakula vya Afrika na Asia. Kama wanapolala pana jiko, jioni moja wapike wenyewe.

Na risiti zote, hata ya mkate, zirudi kwa mtunza feza. Nimewapa bahasha.