Bega la mwanao linauma? Tazama kwanza anavyopiga mikono majini

Mwanao amerudi kutoka mazoezi ya kuogelea ameshika bega. Unamchua, unampa dawa ya kutuliza maumivu, kesho yake anarudi bwawani. Wiki mbili baadaye maumivu yako palepale, na kocha anasema avumilie, ndiyo michezo. Mimi nasema hapana. Dawa hupunguza maumivu, lakini hairekebishi mkono unaokwenda vibaya majini.

Fanya hesabu ndogo. Mtoto anayepiga mikono 20 kwa kila urefu wa bwawa la mita 25, akiogelea mita 2,000, amezungusha mikono mara 1,600. Kila bega limefanya kazi mara 800 kwa siku moja. Kosa dogo likirudiwa mara 800 si dogo tena.

Bega huzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini, kwa sababu kikombe cha mfupa kinachoupokea mkono hakina kina kirefu. Kazi ya kuushikilia mkono mahali pake inategemea sana misuli minne na kano zake. Mkono ukipita njia mbaya, kano hizo huelemewa na kubanwa, na mwishowe huuma.

Kwa hiyo, nenda bwawani utazame mambo matatu mwanao anapoogelea mtindo huru.

Kwanza, kiganja kinaingia wapi? Kinapaswa kuingia majini mbele ya bega lake, ncha za vidole zikitangulia. Kikivuka mbele ya kichwa kwenda upande wa pili, au kidole gumba kikitangulia, bega linabanwa.

Pili, kiwiko. Mkono unapoanza kuvuta maji, ukunjwe, kiwiko kiwe juu kuliko kiganja, na maji yasukumwe kwenda nyuma. Wengi huyakandamiza maji kwenda chini kwa mkono ulionyooka. Bega linabeba mzigo mkubwa, na mtoto hasogei.

Tatu, kiwiliwili. Kinapaswa kuviringika kidogo kulia na kushoto kufuata mikono. Anayelala bapa kama ubao huunyanyua mkono kwa nguvu ya bega pekee. Anayevuta pumzi upande mmoja tu afundishwe na upande wa pili.

Ukiona kasoro, zungumza na kocha kwa heshima. Mwombe ampunguzie umbali, amvue vile vibao vya mikononi vinavyoongeza uzito wa maji, na amrekebishe mkono kwanza. Najua wazazi wengine wanataka medali haraka. Lakini afadhali mita 500 za mkono sahihi kuliko 2,000 za mkono mbovu.

Usisubiri, mpeleke kwa daktari iwapo bega linamuuma usiku au akiwa amepumzika, mkono haunyanyuki, anahisi ganzi, au bega linataka kuchomoka. Hali kadhalika ikiwa amepumzika wiki mbili bila nafuu.

Na wewe mgonjwa uliyeshauriwa kuogelea ili kuyapumzisha magoti au mgongo, haya yanakuhusu pia. Mlipe mwalimu akutazame mikono mapema, kabla hujaongeza mizunguko. Usitibu goti kwa kuumiza bega.

Maumivu ya mtoto si uvivu wala deko. Akikwambia bega linauma, mwamini, kisha nenda ukautazame mkono wake majini.