Ndege wa Kwetu Hawana Majina Shuleni

Mwonyeshe mtoto wa darasa la sita wa Mombasa picha ya pengwini, atamtaja mara moja. Mwonyeshe dudumizi aliye kichakani nyuma ya nyumba yao, atakwambia, "Huyo ni ndege tu." Ndege tu! Hali bibi yake akiisikia sauti ya dudumizi, ile iliyo mfano wa maji yamiminikayo kutoka gudulia, huinuka akaanua nguo, kwani mvua i karibu.

Wasomaji wapenzi, hili si dogo. Tiva, ninga, chozi, mnana, kurumbiza: haya ni maneno ya Kiswahili, na neno lisilotamkwa na watoto halina umri mrefu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2019 wataka madarasa ya chini yafunzwe kwa lugha ya mahali, na somo la mazingira limo. Mlango u wazi, ila waingiao ni wachache.

Chuoni nako watoto huhifadhi Surat al-Fil na khabari za ababili, kisha husoma katika Surat an-Naml jinsi hudihudi alivyomletea Nabii Suleiman khabari za Sabaa. Hudihudi yuko hapa pwani, na kishungi chake kichwani. Ni walimu wangapi waliowatoa wanafunzi nje wakamwona?

Wako watakaosema kuwa kurudisha elimu ya ndege ya wazee ni kurudisha ushirikina. Hofu yao naifahamu. Bundi, ambaye wengine humwita babewatoto, amepigwa mawe vizazi na vizazi kwa kudhaniwa mleta kifo. Lakini hadithi ya Mtume (S.A.W.) iliyomo katika Sahihi Bukhari yakanusha mkosi wa ndege, na itikadi ya bundi imetajwa humo humo. Basi hilo na liachwe, tena watoto waelezwe kwa nini laachwa. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita mraba 420 hivi, mna bundi mdogo asiyetimia shubiri, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1966. Duniani kote yuko mahali pachache tu: pwani yetu na milima ya Usambara. Yuko pia mnana wa Kilifi, asiyepatikana pengine popote. Wazungu walimwandika mwaka 1913, na mahali anapotagia hapakujulikana mpaka mwaka 2013, kule Dakacha.

Ndege ajulikanaye na kila mtoto wa mjini ni kunguru wa Bara Hindi, naye ni mgeni. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ale taka, akala na mayai na makinda ya wenyeji. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori lilitangaza azma ya kuwaua milioni moja. Sipingi. Ila kunguru akiondoka twataka nani arudi, ikiwa hatuwajui kwa majina waliofukuzwa?

Walimu wakuu wa Lamu, Kilifi, Mombasa na Kwale na wawaalike wazee, mvuvi, mgema, bibi wa mtaani, saa moja kwa juma, watembee na watoto. Majina yakihitilafiana, Kiamu hivi, Kimvita vile, Kigiriama namna nyingine, yaandikwe yote, na mtihani ulikubali jina la bibi sawa na la kitabu. Wala jambo hili lisingoje bajeti. Wengi wa wazee hao wamekwisha kupita miaka sabini.