Mpox, sopisi, kaswende: jina la ugonjwa linaweza kuchelewesha dawa

Mu mwaka 2023, kule Kamituga, muji wa wachimbaji wa zahabu mu Sud-Kivu, mpox ilianza kuenea sana kwa njia ya ngono. Tarehe 14 Agosti 2024, OMS ikatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Swali likabaki: basi mpox ni ugonjwa wa ngono?

Jibu linategemea namna tunahesabu. Zamani, waganga walihesabu «maladies vénériennes» tano: kaswende, kisonono (ile batu banaita sopisi), chancre mou, ugonjwa wa Nicolas-Favre unaovimbisha mitoki, na donovanose. Yote tano yalijulikana kwa kitu cha kuonekana: usaha, kidonda ao uvimbe. Watu wakayaita magonjwa ya aibu.

Kisha wakasema MST, na leo IST. Wengine wanazani ni jina tu lilibadilika. Hapana. M ilikuwa maladie, ugonjwa. I ni infection, maambukizi. Mutu anaweza kubeba mududu bila kusikia maumivu, na akamupatia mwengine. OMS inahesabu vidudu zaidi ya 30 vinavyopita kwa ngono. Nane ndivyo vinasumbua zaidi. Ine vinapona kwa dawa: kaswende, kisonono, klamidia na trikomona. Ine ni virusi: VIH, hepatiti B, herpes na HPV.

Hapa ndipo shida inaanza. Mu vituo vya afya ambavyo havina labo ya kutosha, muuguzi anafuata dalili: usaha, kidonda, maumivu ya tumbo ya chini. Ni njia nzuri, kwa sababu mugonjwa anapata dawa siku ileile. Lakini kwa mwanamuke, klamidia na kisonono mara nyingi havionyeshi kitu. Bwana anasikia moto akienda kukojoa, ananunua vidonge ku farmasi ya kartye, ananyamaza. Bibi habambiwi kitu. Kisha miaka, mirija ya uzazi imeziba, na familia inauliza: «Huyu bibi, mbona hazale?»

Turudi kwa mpox. Ngono ni njia moja, lakini inapita pia ngozi kwa ngozi na kwa mashuka. Watoto nabo wanaipata. Tukiitia tu mu orodha ya aibu, mama ataficha mutoto wake mwenye vidonda.

Kwa hiyo, tusingojee dalili. Mama mwenye mimba aombe kipimo cha kaswende ku CPN, hata kama anasikia muzuri: kaswende inaweza kuua mutoto ndani ya tumbo, na penisilini ya sindano inaiponyesha. Na bwana mwenye alipata dawa ya sopisi, alete bibi yake ku kituo. Kama mumoja tu ndiye ametunzwa, ugonjwa utarudi mu nyumba.