Nafaka iliyolowa iwekwe juu

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu, hata kabla hajapewa utume. Ama baada ya hayo.

Imepokewa na Abu Hurayra (R.A.), katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali alipoulizwa alijitetea kuwa chakula kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza ni kwa nini basi hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba anayeghushi hayumo katika kundi lake.

Tuizingatie hukumu hii. Mvua ni kadari ya Mola, na mfanyabiashara yule hakulaumiwa kwa kupata hasara. Alilaumiwa kwa kuipanga bidhaa yake hata jicho la mnunuzi likadanganyika. Leo lundo hilo ni kampuni, ni benki, ni chama cha akiba na mikopo. Mnunuzi hawezi kutia mkono wake ndani; anachoweza ni kusoma taarifa ya fedha ya mwaka na kumtegemea mkaguzi wa hesabu aliyetia mkono kwa niaba yake.

Yaliyoifika Chase Bank ya Kenya mwaka 2016 yanatuhusu sana, kwa kuwa benki hiyo ilikuwa na dirisha la Kiislamu lililoitwa Chase Iman, na Waislamu wengi waliweka humo fedha zao wakikimbia riba. Katika muda wa siku chache benki ilitoa taarifa mbili za hesabu za mwaka 2015 zisizolingana. Katika ile ya pili, mikopo ya wakurugenzi na wafanyakazi ilionekana kupanda hadi zaidi ya shilingi bilioni 13 za Kenya. Wateja wakakimbilia kutoa fedha zao, na tarehe 7 Aprili 2016 Benki Kuu ya Kenya ikaiweka benki hiyo chini ya usimamizi maalumu. Ilipofunguliwa tena mwishoni mwa mwezi huo, mteja aliruhusiwa kuchukua hadi shilingi milioni moja. Mwaka 2018 robo tatu ya amana zilizozuiliwa zilihamishiwa benki nyingine. Zilizosalia zikabaki katika benki ambayo mwaka 2021 iliingizwa katika ufilisi.

Jambo linaloumiza zaidi ni hili: iliripotiwa wakati ule kwamba sehemu kubwa ya hitilafu ile ilitokana na fedha zilizotolewa kwa jina la musharaka, ambazo mkaguzi aliona zinastahili kuhesabiwa kuwa mikopo ya watu wa ndani. Musharaka ni mkataba mtukufu wa kushirikiana katika faida na hasara. Hata hivyo, jina la Kiarabu halikaushi nafaka iliyolowa. Baraza la masheikh linaweza kuuthibitisha mkataba kuwa ni halali, na wakati huohuo lisijue fedha zimekwenda kwa nani, na aliyeidhinisha ana uhusiano gani na aliyepokea.

Uhusiano huo ndio Mtume (S.A.W.) aliouchunguza kwa Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka za Banu Sulaym. Aliporejea alitenga mali mafungu mawili, akidai kwamba moja ni la umma na jingine amepewa yeye zawadi. Mtume (S.A.W.) alimfanyia hesabu, kisha akahoji kama zawadi ile ingemfikia lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Hilo ndilo swali la kumuuliza kila mkurugenzi anayekopa katika benki anayoisimamia: je, angepewa mkopo huu, kwa masharti haya, lau asingekaa kwenye kiti hicho?

Wapo ndugu wanaosema kuwa kuyataja haya ni kufichua aibu, na kwamba dini imetuamuru kumsitiri Muislamu mwenzetu. Twawajibu kwamba sitara ni kwa dhambi ya mja baina yake na Mola wake. Aibu iliyomo katika bidhaa haisitiriwi, na ndiyo sababu mafakihi wakampa mnunuzi khiyari ya kuirejesha bidhaa anapogundua kasoro iliyofichwa. Anayesitiri hesabu mbovu anamsitiri mmoja na kuwavua nguo maelfu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, inazungumzia daftari. Mwenyezi Mungu ameamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Walioambiwa hayo kwanza ni Masahaba, watu ambao uaminifu wao hatuuwekei shaka. Iwapo wao hawakutosheka kwa kuaminiana, sisi tuna udhuru gani?

Kwa hiyo twawanasihi wenye amana na wanahisa waulize mambo matatu kila mwaka: wakurugenzi na jamaa zao wamekopa kiasi gani, mkaguzi amechaguliwa na nani, na ameandika shaka gani katika ripoti yake, na je, hesabu zimetoka kwa wakati? Twazinasihi pia kamati zetu za misikiti, madrasa, wakfu na safari za Hija, ambazo nyingine hupitisha miaka bila kusoma hesabu mbele ya waumini. Haitufalii kuzidai benki uwazi ambao sisi wenyewe tunaukwepa.

Lugha yetu imeziita fedha za mteja amana, na hilo ndilo neno la aya ya 58 ya Surat An-Nisaa, inayoamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe. Anayeziandikia hesabu ya uongo ameanza kuzila kabla hajazigusa.

Mola atujaalie tuwe miongoni mwa wanaojihesabu kabla ya kuhesabiwa. Wabillahi tawfiq.