Dakika Kumi za Rama, Nani Anazilipa?

Waliozoea kukuta siasa na muziki hapa wanivumilie. Leo tunaingia faundri. Ndiyo, faundri, karakana ya kusubu chuma, kule ambako vyuma chakavu vinayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu za mchanga, vikatoka vikiwa puli za mashine za kusaga, magurudumu ya toroli, mifuniko ya mitaro na vipande vya breki za treni. Na ndani ya faundri nataka tuzungumzie kifaa kimoja tu, ambacho wengi wetu tuliosoma mpaka chuo kikuu hatujawahi kukigusa: rama, yaani nyundo ya upepo ya kushindilia mchanga. Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubali aanze kukasirika sasa hivi. Rama nyingi hazifi kwa uzee. Zinauawa, na wanaosingiziwa sio wanaoziua.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, rama ni bomba la chuma lenye mpini juu. Ndani yake mna pistoni inayopanda na kushuka kwa nguvu ya upepo unaotoka kwenye kompresa, kwa presha ya kama bar 6. Fimbo ya pistoni inatokeza chini, na mwisho wake umefungwa kichwa kinachopiga mchanga mapigo mengi kwa dakika. Kuna kichwa chembamba kama kabari, cha kuingia kwenye kona za kasha, na kuna kile bapa cha duara cha kumalizia juu. Kuna rama fupi za mezani na kuna ndefu za kutumia ukiwa umesimama.

Kazi yenyewe inaonekana ya kijinga, si kupiga mchanga tu? Sivyo. Mchanga ukishindiliwa legelege, chuma cha zaidi ya nyuzi 1,300 kinasukuma ukuta wa kalibu na kipande kinatoka kimevimba. Ukishindiliwa kupita kiasi, gesi inakosa pa kutokea na inabaki ndani ya chuma, kipande kinakuwa na matundu ndani kama andazi. Mara nyingi matundu hayo huyaoni kwa macho. Unakuja kuyajua siku puli inapopasuka ikiwa inazunguka na mtu kasimama mbele yake na debe la mahindi. Kwa hiyo rama inayopiga kwa nguvu leo, kesho inapiga kichovu, keshokutwa inakwama, haimkoseshi usingizi fundi peke yake. Wewe unayekula ugali umo.

Sasa kuna faundri moja hapa Dar nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa (jina nalihifadhi). Kwenye kona, nyuma ya rundo la makasha, nikakuta rama sita zimelala kama samaki wa jana. Zilizokuwa hai ni mbili. Nikauliza kulikoni. Mwenye mali akaniambia vijana hawana utunzaji, hata uwape dhahabu wataifanya nyundo. Msimamizi wake akaniambia tatizo ni vitu vya Mchina. Jamani, Mchina katika nchi hii anasingiziwa mengi! Mbili kati ya zile sita zilitengenezwa Ulaya, na zilikuwa zimekufa kifo kilekile.

Tuanze na muuaji wa kwanza, maji. Upepo unaoingia kwenye kompresa si mkavu, hasa katika mji kama huu wa kwetu ambako shati linalowa kabla hujapanda daladala. Piga hesabu na mimi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 inabeba kama gramu 24 za maji kwa kila mita ya ujazo. Kompresa inayovuta mita za ujazo 5 kwa dakika inavuta mita 300 kwa saa, yaani zaidi ya lita 7 za maji. Hewa hiyo ikishabanwa mpaka presha ya bar 7 na kupoa, haiwezi tena kubeba zaidi ya lita moja hivi. Kama lita 6 zinadondoka kila saa. Kwa zamu ya saa nane ni karibu lita 48, ndoo mbili kubwa na zaidi! Zinakwenda wapi? Nyingine zinakaa chini ya tanki, na kama hakuna anayezitoa zinasafiri kwenye mabomba mpaka ndani ya rama. Huko zinaosha oili kwenye silinda, zinaleta kutu, na valvu inaanza kung'ang'ania.

Ajabu ni kwamba elimu hii ipo mitaani. Nenda kwa kijana anayeziba pancha barabarani, yule mwenye kompresa moja yenye rangi iliyobabuka. Wengi wao jioni wanainama, wanafungua koki chini ya tanki, maji machafu yanatoka yakipiga mluzi, wanafunga wanakwenda nyumbani. Hakuna aliyewapeleka semina. Kompresa ni yao, na ikifa njaa ni yao. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Muuaji wa pili ni mchanga wenyewe. Mchanga wa faundri kwa kawaida ni wa kwazi, mgumu kuliko chuma cha kawaida, na umetapakaa kila mahali. Fundi akimaliza kalibu analaza rama chini, juu ya mchanga. Akichomoa mpira wa upepo anautupa, na mdomo wa mpira unakokota mchanga sakafuni. Akiurudisha, mchanga wote unapigwa ndani na upepo wa bar 6, ukasage pistoni. Dawa yake haina hata gharama: kabla ya kuunganisha, elekeza mdomo wa mpira pembeni pasipo na mtu, fungua upepo kidogo upulize uchafu, kisha unganisha. Sekunde tano. Rama nayo itundikwe kwenye kulabu, isilazwe. Vilevile fimbo ifutwe kila mara, kwa sababu ikishakwaruzwa, nayo inakwaruza sili inapopita. Upepo unaanza kuvuja hapo, pigo linakosa nguvu, na mchanga unapata mlango mpya wa kuingilia.

Oili sasa. Rama inataka oili nyepesi ya vifaa vya upepo, kidogo kidogo, muda wote inapofanya kazi. Ndiyo maana kwenye bomba panafungwa kikopo cha kudondoshea oili, karibu na kifaa, baada ya chujio na geji. Kile kikopo nilikiona pale. Kilikuwa kikavu na kioo chake kimekuwa cheusi. Kama kikopo hakipo basi matone machache yatiwe kwenye tundu la upepo zamu inapoanza, na tena katikati ya zamu. Wapo wanaomimina oili nzito ya gia wakidhani uzito ndiyo ulinzi. Matokeo yake valvu inakuwa kama imepakwa asali, rama inagoma asubuhi na inaamka saa nne. Wapo pia wanaoiosha kwa petroli, na hao nawaombea dua tu. Ifunguliwe mezani, sehemu zake zioshwe kwa mafuta ya taa mbali na moto, zikaushwe, zipakwe oili, ndipo zirudishwe.

Mengine ni ya kawaida. Kichwa kikazwe, maana kikilegea kinakula fimbo. Nati zikaguliwe. Sili na oringi zibadilishwe kabla hazijaisha kabisa, sio baada ya msiba. Na rama isifunguliwe upepo ikiwa haijagusa mchanga, hata kwa kujaribu tu, kwani pistoni inakosa cha kupiga inagonga kofia ya silinda yake yenyewe.

Yote haya ukiyajumlisha, kwa siku ni kama dakika kumi kwa fundi mmoja. Kumi! Sasa kwa nini hayafanyiki? Hapa ndipo ninapoachana na mwenye mali na msimamizi wake.

Vijana wale wanalipwa kwa kalibu. Umetengeneza kalibu ishirini, unalipwa ishirini. Nililiona daftari la msimamizi, lina safu tatu: jina, idadi, saini. Kijana akisimama dakika kumi afute fimbo, atie oili, apulize mpira, dakika hizo hazina safu. Amemfanyia kazi tajiri bure, na jioni mwenzake ambaye hakusafisha kitu atakuwa na fedha zaidi mfukoni. Mwezi ukiisha, yule mwenye utunzaji ndiye anayeonekana mzembe! Halafu tunasema vijana hawana nidhamu. Wanayo, ila wanaielekeza pale panapolipwa, kama mimi na wewe. Linganisha na yule wa pancha. Tofauti yao sio malezi wala elimu. Mmoja faida ya kusafisha inamrudia na mwingine inampita.

Mwenye mali atasema hana fedha za kulipia watu wafute vyuma. Sawa, tuzungumze fedha. Tundu la milimita 3 tu kwenye mpira au kwenye kiungo, kwa presha ya bar 7, linapoteza kama lita 10 za hewa kila sekunde, na kompresa inatafuta umeme wa kilowati tatu na zaidi kulilisha tundu hilo peke yake. Pale nilisikia mluzi kutoka sehemu tatu nikiwa nimesimama mlangoni, na kelele za faundri mnazijua. Fedha zipo, zinapita kwenye luku zikielekea angani. Ongeza bei ya rama mpya, ongeza vipande vibovu vinavyorudishwa tanuruni kuyeyushwa mara ya pili kwa umeme au koki ya pili. Dakika kumi za fundi zinaonekana ghali kwa sababu ndizo pekee anazoziona mtu anayelipa.

Na bado sijagusa mwili wa mtu. Mwaka 1918 daktari mmoja wa Marekani, Alice Hamilton, alikwenda Bedford, Indiana, kuwachunguza wachonga mawe ya chokaa waliokuwa wakitumia nyundo za upepo. Aliwakuta vidole vyao vinakufa ganzi na kuwa vyeupe kama vya maiti, hasa asubuhi za baridi. Zaidi ya miaka 100 sasa. Kwa kuwa Dar hakuna baridi ya namna ile, weupe huwa hauonekani kirahisi, na wengi wanadhani tumesalimika. Lakini ganzi na kuishiwa nguvu ya kushika havisubiri baridi. Mmoja wa mafundi wale alinionyesha jinsi anavyofunga vifungo vya shati: anaangalia kwa macho, kwa sababu vidole haviambii kitu. Ana miaka thelathini na kidogo. Rama iliyochoka inamlazimisha akae nayo muda mrefu zaidi kwa kalibu ileile, na kwa sababu pigo ni dhaifu anaikandamiza kwa mwili mzima. Kwa hiyo kila tone la oili lililokosekana, yeye analilipa kwa mikono.

Vumbi je? Vumbi la kwazi liliwekwa na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1997. Rama inayovuja upepo kwenye fimbo inalipuliza vumbi hilo moja kwa moja usoni mwa aliyeinama. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na inamtaka mwajiri atunze mitambo yake isidhuru watu. Sheria nzuri. Ila mkaguzi hata akija mara moja kwa mwaka, oili inatakiwa kila siku, na hapo katikati kinachotawala ni lile daftari la safu tatu.

Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Safu ya nne kwenye daftari: huduma ya kifaa. Kila zamu dakika kumi zilipwe kama kalibu moja au mbili, kadiri ya kasi ya pale. Kila fundi awe na rama yake yenye namba, ili anayeitunza ndiye afaidi pigo lake zuri. Koki ya tanki iwe na mtu wake kwa jina, asubuhi na jioni. Nilimwambia msimamizi. Akaniuliza, akilipa watu kwa kufuta vyuma, si watafuta siku nzima? Nikamwambia alipe kwa rama iliyofutwa, sio kwa kufuta. Alicheka, akasema atamuuliza tajiri.

Na wewe rafiki yangu uliyeajiriwa ofisi ya manunuzi ya kiwanda chochote chenye kompresa, wiki hii au ijayo utaletewa karatasi ya kuomba vifaa vipya vya upepo kwa sababu vya zamani “vimechakaa”. Kabla ya kusaini, shuka chini na viatu vyako hivyo, tafuta tanki, mwombe aliyepo akufungulie koki ya chini. Yakitoka maji ya rangi ya chai na yasipoisha haraka, rudi juu na karatasi yako bila saini, uwaulize ni nani analipwa kuyatoa.